Nyumba Isiyosalimiwa

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisi. Nilikabidhi pikipiki, mhuri, na ufunguo wa kabati ambalo kwa muda wote niliokaa Geita halikuwahi kufungika. Vijana wawili wa ustawi wa jamii walionipokea walitia saini, wakaninunulia soda, kisha mmoja wao akaniomba niandike yale ambayo hayamo kabatini. Naandika kwa ajili yao. Vyeo nimeviruka kwa sababu vinafanana, na mshahara nimeuruka kwa sababu kila mtumishi anaujua wa mwenzake.

Nilianzia Shinyanga mjini, chini ya Bi Mwajuma, mama mnene wa taratibu ambaye babu yake alitoka Tabora na biashara ya nguo. Siku ya kwanza nilivaa tai. Aliitazama, akanisalimu vizuri, kisha akanionyesha benchi la nje walikokaa wenye shida zao. "Kaa pale mpaka adhuhuri. Usiseme wewe ni nani."

Nikakaa. Mzee mmoja aliyefuatilia mambo ya wajukuu zake alinisogelea, akanipa kipande cha muwa na kuninong'oneza, "Pole, mwanangu. Mkeo amekukimbia, au umemkimbia wewe?"

Nikamwambia sina mke.

"Basi shida yako imeizidi yangu," akasema, na kunikatia kipande kingine.

Bi Mwajuma aliponiita ndani hakuniuliza nimejifunza nini. Aliniambia nivue tai, kuna joto.

Alinifundisha kazi kwa vitu vidogo. Nibebe kigoda changu mwenyewe kila ninapokwenda vijijini, maana ukikalia kiti cha mmoja wao, mwingine ameshahesabu kwamba umenunuliwa. Nisitoe kalamu kabla sijasalimia kila mtu, hata watoto, hata mlevi aliyelala kivulini. Na kwa kila shauri nijiulize swali moja: ni nani anayetakiwa kuhama? Mwanzoni sikuelewa uzito wake. Baadaye niliona kwamba karibu kila tulipomlinda mtu, tulimhamisha yeye. Mke aliyepigwa alirudi kwao, na aliyempiga akabaki na nyumba, kuku na shamba. Mtoto mwenye ualbino tulimpeleka bweni lenye ukuta mrefu, akalala salama, na mama yake akaja kumtazama likizo kama mtu anayetembelea mfungwa. Tuliandika "amelindwa". Lilikuwa neno la kweli. Ila Bi Mwajuma kila alipoliandika alisita kidogo, kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Kisha nikahamishiwa Geita. Shinyanga nilizoea mbuga, pamba, na upepo unaotembea bila kuzuiwa na kitu. Geita upande wa machimbo nilikuta ardhi iliyofunuliwa tumbo. Huko Rwamgasa na Nyarugusu karasha zinasaga mawe mchana kutwa, vumbi jeupe linakaa juu ya migomba, na kila penye kilima pana mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara, hata yakiwa ya mraba. Watu wametoka kila kona ya nchi. Hawaitani majina waliyopewa na wazazi. Wanaitana Kigoma, Tanga, Musoma. Kando yao, kwenye mashamba ya mihogo, wanaishi Wasukuma na Wazinza waliowatangulia, wanaowaangalia wachimbaji kama mtu anavyoangalia mvua ya mawe: inaleta maji, lakini inavunja.

Shauri ninalotaka kulieleza lilitokea kwenye kijiji kimoja cha upande wa Nyarugusu. Jina sitalitaja, wahusika bado wanaishi pale.

Kijiji kile kililindwa na sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, na lazima niseme vizuri juu yao kabla sijasema vibaya. Kituo cha polisi kilikuwa mbali na barabara ilikuwa mbaya. Kabla ya sungusungu, wezi walikuja na kuswaga ng'ombe wa watu mchana. Baada yao, mwanamke aliweza kuacha baiskeli kisimani akaikuta. Kamanda wao alikuwa Masanja, mwanamume mpole wa sauti, mkali wa mikono. Siku moja walimkamata kijana mchimbaji waliyemshuku kuiba pikipiki. Walimpiga uwanjani, mbele ya genge la chakula. Kijana akafa hospitalini.

Mwenye genge lile aliitwa Mama Kulwa, mjane wa Kisukuma wa palepale kijijini, aliyewauzia wachimbaji ugali na dagaa. Mahakama ilipotafuta shahidi, kijiji kizima kilikuwa shambani siku ile, hata wale wasio na shamba. Mama Kulwa peke yake alisema alikuwepo. Alitaja nani alishika fimbo na nani alishika miguu. Masanja akafungwa.

Wiki ileile dagashida ikakaa. Hilo ni baraza la wanaume wote wa kijiji, na mwenyekiti wake alikuwa Mzee Luhende, mfupi, mkavu, mwenye kofia ya sufu hata jua la saa saba. Wakaamua kuitenga nyumba ya Mama Kulwa. Kutengwa ni hivi: hakuna mtu wa kijiji atakayeisalimia nyumba ile, kuipa moto, kuchota nayo maji, kuitikia yowe lake, wala kuizikia maiti wake. Atakayesema nayo atatengwa kama yeye. Sharti la moto linanifurahisha mpaka leo, maana kila nyumba ina kiberiti, lakini hakuna aliyethubutu kulifuta.

Nilimkuta uani kwake akichambua dagaa. Mama mkwe wake, kikongwe asiyeona vizuri, alikuwa kwenye mkeka. Nilipotoa salamu, yule kikongwe alishtuka.

"Nani huyo anasalimia hapa?"

"Ni serikali, mama," Mama Kulwa akamjibu.

"Aa. Nilidhani ni mtu."

Nilikwenda na Wakili Neema, binti wa shirika moja la msaada wa kisheria, mwerevu na mwenye haraka. Tulikuwa tumempatia Mama Kulwa nafasi kwenye nyumba salama Shinyanga mjini, chumba, godoro na hata mtaji wa genge. Neema akamweleza haki zake zote. Alizieleza vizuri, kwa Kiswahili chepesi. Mama Kulwa alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha dagaa zake.

"Nimekuelewa, mwanangu," akasema. "Umesema nina haki ya kuishi. Na haki ya kuishi hapa?"

"Hiyo pia unayo, mama."

"Basi mbona mmeniletea gari?"

Neema akanitazama. Mimi nikatazama dagaa.

"Wamenipiga?" Mama Kulwa akaendelea. "Hawajanipiga. Wamechoma nyumba? Haijachomwa. Wameninyamazia tu. Wanangu Kulwa na Doto wakirudi kutoka shule nawauliza mmecheza na nani, wananiambia Kulwa amecheza na Doto, Doto amecheza na Kulwa. Mimi sikuua mtu. Kwa nini nihame mimi?"

Njiani tulibishana, na mabishano yale ndiyo hasa ninayotaka ninyi myajue. Neema alitaka tuishtaki dagashida. Nikamuuliza kwa kosa gani. Akasema udhalilishaji. Nikamuuliza kama hakimu anaweza kumwamuru mtu amsalimie jirani yake asubuhi.

"Hawezi," akasema. "Salamu ya amri si salamu. Lakini anaweza kuwakataza kukubaliana kutosalimia."

"Na wakisema kila mmoja ameamua kivyake?"

"Watakuwa wanadanganya."

"Watakuwa wanadanganya wakiwa huru."

Vitabu vyetu vya mafunzo vinasema mtu anazaliwa na utu wake kamili, hakuna anayempa. Naliheshimu wazo hilo, limewaokoa wengi. Mzee Luhende nilipomfuata kwake aliona vingine. "Mtu anakuwa mtu tukimwitikia," aliniambia kwa upole, akininywesha maziwa ya mgando. "Huyu alichagua kuitikiwa na mahakama. Sisi hatukumfukuza. Tumemwachia mahakama yake."

"Na kijana aliyekufa, mzee? Naye hakuwa mtu?"

Alikunja uso, akatazama ng'ombe zake. "Yule sikumjua jina," akasema. Nadhani alisikia mwenyewe alichosema, kwa sababu palepale aliniuliza kama naongeza maziwa.

Walionunua chakula kwa Mama Kulwa walikuwa wachimbaji. Wao hawakuwa wanakijiji, amri ya dagashida haikuwahusu. Ndiyo maana hakufa njaa. Lakini mtu hashibi ugali tu, na kila nilipopita nilimwona anapungua namna ambayo haionekani kwenye mizani. Alikuwa ameanza kuongea na sufuria.

Wakati wa kiangazi, mama mkwe akafariki usingizini. Nilipata habari asubuhi, nikaenda kwa pikipiki. Ua ulikuwa mtupu. Katika nchi ya Wasukuma sijawahi kuona kitu cha kutisha kama ua wa msiba usio na watu. Mama Kulwa alikuwa amekaa mlangoni, mapacha kila upande, na ndani maiti. Wanakijiji walikuwepo, ila walisimama ng'ambo ya njia, kwenye mihogo, wanaume kwa wanawake, hawakuvuka. Walikuja kumlilia bibi yao kwa mbali. Katekista wa kijiji jirani alikuja akasali, akauliza nani atachimba.

Ndipo wachimbaji wakaja. Waliongozwa na yule waliyemwita Kigoma, kijana mrefu wa Ujiji, Mwislamu, ambaye kijana aliyeuawa alikuwa mwenzake wa kamba: mmoja akishuka duarani, mwingine anashika. "Mama," alimwambia Mama Kulwa, "ulimsemea wa kwetu. Na sisi tutamfukia wa kwenu. Tuonyeshe mahali."

Walikuja na sururu, moko za kupasulia mwamba, nyundo, kamba na ndoo. Na walichimba kama walivyojua kuchimba. Kaburi lilianza vizuri, refu na la mraba. Lakini watu wale wakishaingia ardhini mikono yao haina breki. Kifusi kikapanda juu. Waliokuwa chini wakazama mpaka kiunoni, mabegani, kichwani, kisha nikasikia sauti tu. Wakatoboa vishimo ukutani vya kukanyagia. Wakateremsha ndoo kwa kamba. Kigoma, kwa mazoea ya kwao, akaanza kuchonga ubavuni mwanandani, kijishimo cha kumlaza maiti. Mwenzake Musoma, Mkristo asiyejua mwanandani ni nini, akaona ni njia ya pembeni ya kufuata mwamba, akaita wamletee mbao akaweka matimba dari lisianguke. Mtu wa tatu akawa anauliza watahitaji feni ya hewa au la.

Ng'ambo ya njia watu walianza kunong'ona. Kilichoonekana pale kilikuwa mdomo wa duara, na bibi yao anakaribia kutumbukizwa humo. Mzee Luhende, ambaye alicheza ngoma siku bibi yule alipoletwa bibi harusi, alisogea hatua moja, akarudi, akasogea tena. Kisha akavuka njia, kofia mkononi, akainama juu ya shimo.

"Ninyi! Mnazika au mnafuata mwamba?"

Kichwa cha Kigoma kikachomoza kwa mbali, cheupe kwa vumbi. "Shikamoo, mzee. Bado kidogo tu."

"Bado kidogo mfike wapi?"

Hakungoja jibu. Akageuka, na kwa sauti iliyopasuka akasema, "Na wewe Mama Kulwa! Umesimama tu wanampeleka mama yetu kuzimu kwa kamba?"

Mama Kulwa alimtazama. "Nani mwingine angechimba, baba?" akamuuliza.

Mzee akavua koti. Kisha watu wazima wengine wakavuka, wakaleta majembe, wakafukia nusu ya lile shimo, wakatoa matimba, wakaliweka kaburi sawa kama lilivyotakiwa. Wanawake wakaingia ndani kumwandaa marehemu. Walimzika vizuri. Waliimba. Baada ya hapo wakaondoka wote, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Mama Kulwa pole. Nilifikiri: maiti amerudishiwa kijiji, mzima bado.

Lakini rafiki zake Masanja hawakuliacha jambo lile. Wakaitisha dagashida, safari hii juu ya Mzee Luhende mwenyewe. Niliomba kuhudhuria, wakanikubalia nikae pembeni kwenye kigoda changu, mdomo nimefumba.

"Mzee amesema na nyumba iliyotengwa," kijana mmoja alianza. "Sheria haina mzee."

"Nilisema na wachimbaji," Mzee Luhende akajibu. Hakumtazama mtu.

Ikatakiwa ushahidi. Wanakijiji walisema walikuwa mbali mno kusikia. Waliokuwa karibu na kaburi ni wachimbaji, na dagashida haipokei maneno ya wageni. Mimi ni serikali. Katekista ni wa kijiji kingine. Akabaki Mama Kulwa. Wanaume wale wote wakatazamana, kwa sababu waliona walipofika.

"Tukimuuliza tutakuwa tumemsemesha," mmoja akasema.

"Tumpitishie Ustawi," mwingine akashauri. "Sisi tunamwambia Ustawi, Ustawi anamwambia yeye."

Wakamwita. Alikuja na kanga yake ya msiba, akasimama katikati ya wanaume. Yule kijana akaniambia, "Ustawi, muulize huyo mwanamke alisikia nini kaburini."

Nikamgeukia. Kabla sijafungua kinywa, Mama Kulwa akaniambia kwa sauti ya wote kusikia, "Mwambie sijasikia swali."

"Mama, anauliza—"

"Nani anauliza? Mahakamani aliyeniuliza alinitazama usoni, akaniita jina. Tena yule alikuwa wakili wa Masanja, alitaka nionekane mwongo. Hata yeye alinisalimia kwanza."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akajikohoza. Nilikuwa na maneno mengi ya kusema siku ile, na namshukuru Bi Mwajuma kwamba sikuyasema. Dakika zikapita. Mama Kulwa hakuketi wala hakuondoka. Angeweza kugeuka akaenda zake, na mzee angepona. Angeweza kujibu kupitia kwangu, na mambo yangeendelea yalivyokuwa. Alisimama tu, mikono ndani ya kanga.

Mzee Luhende akainuka, akiegemea fimbo.

"Mama Kulwa," akasema, kisha akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwadila."

"Mwadila, baba."

"Mhola?"

"Si mhola sana, baba. Tuna msiba."

"Poleni. Siku ile nilisema na nani?"

"Ulisema na Kigoma kwanza," akajibu. "Halafu ukasema na mimi. Ulinitaja jina."

Niliona nyuso za watu. Wengine walitegemea akane, amwokoe aliyemsaidia. Mzee mwenyewe, nadhani, alitumaini hivyo kidogo. Lakini ndivyo alivyokuwa mwanamke yule. Alisema ukweli ukamfunga Masanja, na akausema vilevile ukamponza mtu aliyemwekea sawa kaburi la mkwewe.

"Basi nitengeni," Mzee Luhende akasema, na kukaa.

Hakuna aliyeinuka kusema ndiyo. Yule kijana wa mashtaka alifungua mdomo, mjomba wake akamwambia, "Wewe kaa. Ukimtenga huyu, mahari yako atakusimamia nani?" Mtu mwingine akauliza kama mvua inatarajiwa. Walianza kuondoka mmojammoja, kama watu waliokumbuka mbuzi. Amri haikufutwa na haikutangazwa. Neema aliponiuliza kwa simu kama tuna tamko lolote la kuweka kwenye taarifa, nilimwambia tuna watu wanaotazama mawingu.

Kesho yake asubuhi, kisimani, mwanamke mmoja aliyesahau kamba yake alimwomba Mama Kulwa ya kwake. Hivyo ndivyo ilivyoanza kuisha. Hata leo Neema anaamini tungeshinda mahakamani, na huenda ni kweli. Anasema haki iliyotegemea ukaidi wa mama mmoja na ufundi mbaya wa makaburi si haki, ni bahati. Nyumba nyingine zilizotengwa nilizozijua hazikupata kaburi refu kupita kiasi, na wenyewe walihama. Tuliandika wamelindwa.

Mara ya mwisho kwenda pale ilikuwa kabla ya kustaafu. Genge limekuwa la bati. Tulikaa nje, akanipa chai. Mama Mabula, mke wa Masanja, akapita njiani na kuni kichwani. Alimsalimia Kigoma aliyekuwa anakula, akanisalimia na mimi. Kwa Mama Kulwa hakugeuka; alimpita kama anavyopita mti.

Nikamuuliza kama nimwendee yule mama, tuzungumze, maana ndiye peke yake aliyebaki bila kumsalimia.

"Huyo mwache," Mama Kulwa akasema. Alimfuata kwa macho mpaka kona. "Mume wake yuko ndani kwa maneno yangu. Usiku analala peke yake, watoto wanamuuliza baba yuko wapi. Huyo angenisalimia, Ustawi, ningemwogopa."

Akaniongezea chai.